Vikombe vya Meza ya Bwana

Kila Jumamosi mchana Mama Foronya alikaa barazani akidarizi. Walimwita hivyo kwa sababu foronya zake zilijaa maua mpaka kwenye pindo. Saa tisa ikifika, alikata uzi, akachukua sabuni na kitambaa cheupe, akaenda kanisani kuosha vikombe vya meza ya Bwana. Vilikuwa vidogo, vya kioo, arobaini kamili. Kila kimoja kilikuwa na tundu lake kwenye trei ya mbao.

Zamani aliviosha na wifi yake. Mwaka huo mwinjilisti alimpangia Mama Pacha. Mama Pacha na mumewe walikuwa wamehamia hapo kutoka bondeni, baada ya mafuriko.

"Watu wa bondeni!" wifi alinong'ona. "Usafi wao si unaujua? Shauri yako."

Neno lile lilimkaa Mama Foronya moyoni. Basi ikawa hivi. Waliosha pamoja, wakasuuza, wakaagana vizuri tu. Mama Pacha akishapinda kona, Mama Foronya alivirudisha vikombe vyote kwenye beseni akaviosha upya. Alifanya hivyo miezi mitatu. Hakuna aliyejua.

Jumamosi moja aliona hata sabuni haitoshi. Akachemsha birika la maji, akayamwaga yakitokota juu ya vikombe vilivyotoka kwenye maji baridi. Ta! Ta! Ta! Vikombe kumi na tisa vikapata ufa. Akavipanga kwenye trei vile vile, akafunika kitambaa, akaenda nyumbani haraka.

Jumapili, kabla ya ibada, wifi alifunua trei.

"Njooni muone! Si nilisema? Mikono ya bondeni hiyo!"

Mama Pacha alikuwa ndiyo kwanza anaingia na watoto wake.

"Mimi niliviacha vizima," alisema. Akamgeukia Mama Foronya. "Dada, si tulivipanga wote wawili?"

Mama Foronya alitazama viatu vyake.

Mwinjilisti alikuna kichwa. "Mama Pacha, labda upumzike kidogo kazi hii, mpaka tuelewe."

"Sitapumzika, nitaondoka. Tutatafuta pengine pa kusali."

Akawashika pacha wake mikono, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kumngoja mumewe.

Nesi, jirani yake Mama Foronya, alikiinua kikombe kimoja, akakizungusha. Kisha akamvuta Mama Foronya kwenye chumba cha vitabu vya nyimbo, akafunga mlango.

"Kikombe kikianguka, kinavunjika vipande. Hivi vina ufa tu. Haya ni maji ya moto, shoga yangu."

"Nilitaka viwe safi," Mama Foronya alisema, machozi yakimlenga.

"Mikono ikioshwa kwa maji safi na sabuni, imetakata. Uchafu hauulizi mtu katoka wapi. Hivi unajua Mama Pacha anafanya kazi gani?"

"Sijawahi kumuuliza."

"Anafua mashuka ya wodi yetu ya wazazi. Binti yako alipojifungua, mjukuu wako alilazwa kwenye shuka lililofuliwa na mikono ile ile."

Mama Foronya akakaa juu ya sanduku la vitabu.

"Yesu aliosha miguu ya wanafunzi wake wote, hakuchagua," nesi aliendelea. "Na alitufundisha, kabla ya kutoa sadaka, kwenda kwanza kupatana na ndugu."

"Watanicheka."

"Watakucheka, mpaka Jumatano. Lakini mwenzio anaondoka moja kwa moja."

Mama Foronya akafuta uso, akatoka. Alisimama mbele ya benchi, watu wote wakisikia.

"Mama Pacha, vikombe nimevipasua mimi. Kila ulipoondoka niliviosha tena. Nilikuona mchafu kwa sababu tu ya kwenu. Halafu leo nikanyamaza ulipolaumiwa. Nisamehe."

"Kila Jumamosi?"

"Miezi mitatu."

"Kumbe! Na mimi nikirudi nyumbani najisifu jinsi vinavyong'aa!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Foronya naye akacheka huku analia. Alijisikia kama aliyetua ndoo kichwani. Mama Pacha hakucheka sana.

"Umeniumiza, dada. Nimekusamehe, Bwana ametusamehe wote. Ila siku nyingine uniulize."

"Nitauliza."

Mwinjilisti naye akamwomba Mama Pacha radhi kwa kuharakisha kumsimamisha. Vikombe vizima vilikuwa ishirini na kimoja, na watu walikuwa wengi. Ikabidi nusu wanywe kwanza, vioshwe, ndipo wengine wafuate. Wanawake wale wawili wakainamia beseni moja, mikono ndani ya povu. Wifi alizungukazunguka pale, mwisho akaokota kitambaa.

"Nani anakausha?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe," Mama Pacha akajibu. "Na usiache alama za vidole."

Mara mumewe akatokea mlangoni, jasho likimtoka.

"Nimekutana na watu njiani, wanasema tunahama kanisa. Nimekuja kuwachukua."

"Kaa chini, Baba Pacha," mkewe akamwambia. "Hatuhami. Nina vikombe vya kuosha."