Deni la Umeme la Darla

Kila Jumatano baada ya shule, Darla Pruitt alimenya viazi jikoni kwa Bi Wilma, mama mlezi wake mjini Dayton. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na mahakama ilimwondoa Darla kwa baba yake, Rodney, mpaka aache pombe. Sasa baba alikuwa ameacha, na jaji angeamua mwezi ujao kama Darla arudi nyumbani. Mtu akithubutu kumsema vibaya baba yake, Darla alimpa vidonge vyake papo hapo.

Jumatano hiyo alikuja Bwana Ostrander, ofisa wa ustawi wa jamii.

"Umetimiza miaka kumi na minne," alisema. "Kuanzia umri huo sheria inatutaka tukague kila mwaka kama kuna mtu amekopa kwa jina la mtoto anayelelewa nje ya kwao. Wengi waliibiwa majina utotoni, wakaja kujua ukubwani, waliponyimwa nyumba ya kupanga kwa madeni wasiyoyajua."

"Mimi nani aniibie? Hata baiskeli sina."

"Una deni la umeme, Darla. Lilianza ukiwa na miaka tisa."

Darla akacheka. "Darasa la tatu? Nilikuwa nawasha kiwanda gani?"

Ofisa akamtajia nyumba iliyotumia umeme huo, na kicheko kikakatika. Ilikuwa nyumba yao. Namba yake ya hifadhi ya jamii, inayotumika kufungua akaunti, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu.

"Deni litafutwa, maana mtoto hadaiwi," alisema Ostrander kwa upole. "Ila kampuni ya umeme inataka maelezo yako. Sema unachokijua."

Jumamosi baba alikuja kumtembelea. Darla hakumkumbatia.

"Ni wewe, Baba?"

Rodney alitazama viatu vyake. "Jina langu lilikuwa limeharibika, mwanangu. Walitukatia umeme wakati wa theluji, nawe unakohoa usiku kucha. Mtaani kwetu nani hajaandikisha bili kwa jina la mtoto?"

"Mbona hukulipa?"

"Nilikuwa nakunywa." Akasogea karibu. "Sikiliza. Waambie hujui. Ukinitaja, jaji hatakurudisha. Unataka kubaki huku?"

Baridi ile Darla aliikumbuka, na angeweza kuisamehe. Lakini huyu ndiye baba ambaye Darla alimtetea kwa watu wote, na sasa baba huyo alikuwa anamtishia kwa nyumba yao wenyewe.

"Uliniibia nikiwa nimelala," alisema. "Sasa niko macho, unataka nikubebee mzigo wa wizi?"

Baba akachukua kofia yake akaondoka.

Jumatatu Darla alisema ukweli wote, huku analia. Deni likafutwa, na Ostrander akalifungia jina lake ili mtu yeyote asikope kwalo mpaka awe mtu mzima. Jaji naye akaahirisha uamuzi mpaka masika.

Jioni ya siku uamuzi ulipoahirishwa, Bi Wilma alimkuta kaketi ngazini.

"Shida ya baba yako naielewa," alisema. "Hata mimi nimewahi kukatiwa umeme. Lakini jina la mtoto si akiba ya mzazi. Na anayekupenda akikukosea, anakuomba radhi, hakuombi useme uongo."

"Bado nampenda, Bi Wilma."

"Mpende, mwanangu. Ila namba yako usimpe."