Mwenye Mtaro

Samaki wa kwanza kupasuliwa asubuhi ile hakuwa na harufu. Bi Kisu alimnusa, akamnusa tena. Miaka ishirini ya kupara samaki sokoni ilimfundisha kumjua kwa pua samaki wa jana na wa leo, lakini huyu hakunuka bahari wala uozo. Ni kama kunusa ubao.

Akampasua. Tumboni hamkuwa na utumbo. Mlikuwa na mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo, nao ulikuwa na joto.

"Tupa huo," alimwambia mdogo wake wa kike, aliyeuza kwenye meza ya pili.

Mdogo mtu alikuwa na mikono isiyotulia tangu utoto. "Dada nawe, mfuko tu," akasema, akafungua fundo. Mfuko ukajaa kama kifua cha mtu, ukasinyaa, ukabaki mtupu mkononi mwake.

Kufika adhuhuri alikuwa kimya, yeye ambaye wateja walisema ulimi wake huuza samaki kabla nyavu hazijavutwa. Kisha ukaanza mchakacho, kama mifuko inayosuguana, na upepo haukuwepo. Bi Kisu alitazama chini ya meza, akatazama nyuma ya ndoo. Ulitoka kifuani mwa mdogo wake.

Soko lenyewe lilikuwa limeshaanza kufa. Mtaro uliopita nyuma yake kwenda baharini ulikuwa umezibwa na taka, na mvua ikinyesha tope jeusi liliingia hadi kwenye meza. Wavuvi walivuta nyavu zikaja na matambara na chupa. Wateja walipita barabarani wameziba pua. Kila mtu alijua ni lori la kampuni ya kuzoa taka, lililotakiwa kupeleka mzigo dampo, likaona mtaro uko karibu zaidi. Walijua, wakanong'ona, wakaendelea kufukuza nzi.

Siku ya tatu mgonjwa alikohoa kipande cha plastiki, kisha kingine, kisha utepe mrefu mweusi ambao Bi Kisu aliushika kwa vidole viwili akauvuta polepole, akivuta huku akimwomba Mungu uishe, nao haukuisha, ukaja na harufu ya maji yaliyolala, na macho ya mdogo wake yakamtazama muda wote huo bila kupepesa, kama macho ya mtu mwingine anayechungulia dirishani.

Wakamwita mganga. Aliingia chumbani mchana kweupe, akafukiza, akauliza, "Nani wewe?"

"Mwenye mtaro." Ilikuwa sauti nzito ya kiume, kama ya mtu mwenye tope mdomoni. "Nilikaa chini ya kalavati kabla ya soko lenu. Maji yangu yalipita. Mmenizika."

"Wataka nini?"

"Wahame. Soko zima. Atakayebaki nitamjaza, kama nilivyojazwa."

Mganga akamvuta Bi Kisu mlangoni. "Mama, huyu simuwezi," akanong'ona. "Hameni tu."

"Tuhamie wapi? Tukauze samaki juu ya mlima?"

Bi Kisu akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Sauti yake ilikuwa ile ya kubishana bei.

"Sikiliza. Mimi sikukuzika. Lori lina mwenyewe, na wewe unamjua. Umemwacha mwenye lori, ukamwingia muuza dagaa. Kumbe hata majini huonea wanyonge?"

Mchakacho ukakoma.

"Simfikii," sauti ikasema mwishowe. "Nimebanwa."

"Nikikufungulia njia, utamwacha huyu?"

Vidole vya mgonjwa, vilivyong'ang'ania shuka siku tatu, vililegea.

"Usipatane na jini," mganga akamwonya. "Hana dhamana."

"Na mwenyekiti wa soko, na ahadi zake za kuzibua mtaro, anayo?"

Kesho yake Bi Kisu aliingia mtaroni na koleo, tope likimfika kiunoni. Wenzake walimtazama kutoka juu, wengine wakicheka. Saa sita mmoja akashuka, akisema amechoka kuuzia nzi. Jioni walikuwa kumi na mmoja.

Siku ya nne ya kuchimba walifika kwenye kalavati, pale mtaro unapopita chini ya barabara, na humo akaingia Bi Kisu peke yake, kwa kuwa wengine walikataa, akatambaa gizani akichomoa mifuko iliyoshikana kama ngozi, na kadiri alivyochomoa ndivyo kitu kilivyopumua shingoni mwake, pumzi baridi, taratibu, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu, mpaka aliposikia mkono uliolowa ukijiweka juu ya mkono wake kwenye mpini wa koleo, ukasukuma naye.

Taka zikaachia. Maji yakapita.

Alipotoka, lori lilikuwa limeshafika, limerudi kinyumenyume hadi ukingoni. Akasimama nyuma yake, tope likimchuruzika.

"Mama, toka hapo," dereva akasema. "Mimi nimetumwa tu."

"Mwambie aliyekutuma aje amwage mwenyewe. Juu yangu."

Wale wanawake kumi aliochimba nao wakaja kusimama naye. Dereva akashika wenzo wa kuinua bodi ili imwage. Ndipo kitu cha baridi kikapita kati yao, kikazilowesha nguo zao, na mzigo wote ndani ya lori ukaanza kuchakacha. Dereva akatazama kioo cha pembeni. Akaachia wenzo. Aliondoka na mzigo wake, mlango ukiwa wazi.

Nyumbani mdogo mtu alikuwa ameketi. "Kwenye meza yangu amekaa nani?" akauliza, na Bi Kisu akaegemea ukuta, akalia kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze.

Baada ya wiki mbili mwanamume mnene aliyevaa suti alikuja sokoni, mganga akimwelekeza kwa kidole kutoka mbali. Alisimama mbele ya meza ya Bi Kisu akiwa ameshika kifua, na kutoka ndani ya suti ile ukasikika mchakacho.

"Nimeambiwa wewe ulizungumza naye," akasema kwa sauti ya chini. "Nisaidie. Nifanye nini?"

Bi Kisu alimaliza kumpara samaki aliyekuwa mkononi. Akanawa. Akamtazama mtu yule toka viatu hadi utosi.

"Vua koti," akamwambia. "Makoleo yako kule nyuma. Mtaro bado mrefu."