Swichibodi ya Bi Simu Yapata Mkalimani

Bi Simu alifanya kazi katika kliniki ya uzazi ya kaka yake na wifi yake. Kaka alisimamia ofisi. Wifi alikuwa mkunga. Bi Simu, kama wote walivyomwita, alikaa mapokezi mbele ya swichibodi, kisanduku kilichogawa simu katika vyumba tisa. Alikuwa mdadisi hasa. Mara nyingi alikitegea sikio na kujiuliza, "Humu ndani sauti hupita wapi?"

Siku moja kampuni ya simu ilifunga laini mpya ya kidijitali. Laini za zamani zingezimwa mwisho wa mwezi. Kaka hakungoja fundi. Alichomoa nyaya za swichibodi ukutani, akauchomeka mmoja kwenye kifaa kipya cha laini hiyo. Hapohapo simu zote zikawa kimya.

Adhuhuri gari lilifunga breki langoni. Mama mjamzito alishushwa, uchungu umemshika. Mumewe alihema kuliko yeye.

"Nimepiga mara nane!" alifoka. "Mmelala?"

Mtoto alizaliwa salama. Lakini mkunga alipotoka chumbani, alimkazia macho kaka, mumewe.

"Baba watoto, leo tumeponea chupuchupu."

"Basi tulitupe hilo sanduku," kaka alisema. "Tununue jipya, na simu za vyumba vyote."

"Subiri, kaka," Bi Simu alisema. "Kwanza tujue limekufa au limenuna tu."

Akamwita jirani yao, fundi wa simu, aliyejulikana kwa jina la Mama Nyaya. Fundi alirudisha nyaya ukutani ili wasikose simu. Kisha akafungua kifuniko. Bi Simu akasogeza kiti, karibu wagongane vichwa.

"Ni zima kabisa," fundi alisema. "Ila halisikilizani na laini mpya. Swichibodi hii hupeleka sauti kwa mawimbi ya umeme. Laini mpya huigeuza sauti kuwa tarakimu."

"Kumbe! Kwa hiyo zinataka mkalimani?"

"Hapo umelenga penyewe! Mkalimani huyo anaitwa kigeuzi. Hukaa katikati, akatafsiri huku na huku. Simu zenu za vyumbani zitabaki zilezile."

Alihesabu matundu ya laini za nje. Yalikuwa manne. "Basi kigeuzi nacho kiwe cha laini nne. Wengi hununua kwanza, wakahesabu baadaye."

"Na namba yetu?" mkunga aliuliza. "Iko kwenye kadi za wajawazito wote."

"Ombeni kampuni iihamishie kwenye laini mpya. Msisitishe ile ya zamani kabla namba haijahama, mtaipoteza."

Kaka alikuna kichwa. "Barua ya kusitisha ninayo mfukoni."

"Ichane, shemeji!" Mama Nyaya alicheka. "Tena kuna la umeme. Laini ya zamani ilikuja na umeme wake. Hii mpya, umeme ukikatika, nayo inazima. Wekeni betri ya akiba kwa vifaa vyote vitatu: cha laini, kigeuzi na swichibodi."

Namba ilipohama, fundi alifunga kigeuzi na betri za akiba. Bi Simu alijaribu chumba kimoja baada ya kingine, simu za kutoka na za kuingia. Hakukubali fundi aondoke mpaka vyote tisa vimeitika.

Wiki iliyofuata, umeme ulikatika saa nne asubuhi. Feni zikasimama. Simu ikalia.

"Binti yangu anajifungua hapa nyumbani!" mwanamke alilia. "Sina gari!"

Bi Simu aliuliza nyumba ilipo, akamuunganisha na chumba cha mkunga, kisha akamtuma kaka na gari la kliniki. Kwa kawaida hakusikiliza mazungumzo ya watu. Siku hiyo mkono ulikataa kushusha simu.

"Naona kichwa!" mwanamke alisema.

"Usimvute, mama," mkunga alijibu kwa upole. "Mpokee tu. Shika kitambaa kikavu."

Bi Simu alikaza simu sikioni.

Kisha kichanga kikalia kwa sauti kali, ikajaa masikioni mwake.

"Mfute, mweke kifuani kwa mamake," mkunga alisema. "Gari liko njiani. Usikate simu."

"Sikati, mwanangu," mwanamke alisema huku akicheka na kulia. "Sikati ng'o!"