Nilimtafutia Mume Wangu Mlima wa Theluji

Mume wangu nilimtambua kwa namba za viatu...

Kushoto 41. Kulia 43.

Nilikuwa sebuleni kwetu Isevya, hapa Tabora, saa nne asubuhi, umeme umekatika, nasoma fomu ya mteja kutoka Chicago. Nikaisoma mara ya pili. Mara ya tatu nikaiweka simu mezani.

Ngoja niwaeleze vizuri. Nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Naitwa Najiat, nina miaka thelathini na tatu. Mume wangu Mussa alikwenda Marekani miaka sita iliyopita. Akaniachia mama yake, Bi Mwanahawa, aliyepooza upande mmoja. Miaka yote hiyo nimemwogesha, nimemlisha, nimemgeuza kitandani. Mussa alikuwa ananiambia karatasi zake zikikaa sawa atanichukua.

Katikati ya kuuguza nikapata mchongo wa mtandaoni. Kuna dada yuko Dar, anaitwa Elieth, anaandaa matembezi ya Watanzania wanaoishi Marekani. Wao wanajaza fomu, mimi natafuta sehemu na kuwapangia safari. Sijawahi kuvuka Kigoma, lakini barabara za kutoka Chicago nazijua kuliko za Nzega.

Mteja huyu aliandika hivi: tunataka sehemu ya kuteleza kwenye theluji, Jumamosi hii, twende asubuhi turudi jioni, hatujawahi hata siku moja. Mama, Veneranda. Baba, Moses. Mtoto, Anton, miaka minne, kilo kumi na sita.

Viatu vya kutelezea vinakodishwa hukohuko mlimani, kwa hiyo kila mtu lazima aandike namba yake.

Sasa sikilizeni. Mussa alivunjika mguu utotoni, kule Ntalikwa, alipoanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mguu wa kushoto haukukua kama mwenzake. Kila Idi tulikuwa tunanunua jozi mbili, tunachukua kiatu kimoja huku na kingine huku.

Moses... Mussa...

Nikamwandikia.

"Jumamosi utakuwa wapi?"

Akajibu saa tisa alasiri, kwao ndiyo kunakucha.

"Kazini, mke wangu. Zamu mbili. Baridi ya huku we acha tu."

Mke wangu. Kaandika hivyo hivyo.

Sikulia, jamani. Watu wanadhani siku kama hiyo unalia. Mimi nilisikia usingizi. Nilitamani nilale palepale kwenye mkeka, nisiamke mpaka mvua zikate.

Lakini kazi ilikuwa inanisubiri, na shetani naye alikuwa macho.

Nilifungua ukurasa wa mlima mmoja mkali, wa watu wazoefu, mteremko kama ukuta. Nikajisemea, nikimpeleka huyu hapa na mguu wake ule, atarudi amebebwa. Nikaandika jina la mlima kwenye mpango wao. Nikalitazama muda mrefu...

Kilo kumi na sita. Yule mtoto angekuwa nyuma yake.

Nikalifuta.

Nikaanza upya. Ukitaka mlima wa siku moja karibu na Chicago shida ni moja, mji wenyewe ni tambarare kama Igunga. Lazima uende kaskazini, uvuke kuingia jimbo jirani la Wisconsin. Nikapata kilima kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Theluji ikiwa haba wanaitengeneza kwa mashine. Kuna sehemu ya wanaoanza, mteremko mdogo, na mkanda unaowapandisha watoto taratibu. Nikawaandikia waondoke saa moja asubuhi kabla foleni ya viatu haijawa ndefu, na wabebe chakula chao.

Mwishoni nikaongeza mstari mmoja.

"Dada Veneranda, mguu wa kushoto wa Mussa ukipata baridi unakufa ganzi. Avae soksi mbili."

Nikatuma.

Kesho yake saa kumi na moja jioni simu ikaita. Namba ya Marekani. Nikapokea.

"Hallo?" nikasema.

"Wewe ndiye Najiat?"

"Ndiye."

Akashusha pumzi ndefu.

"Kwa hiyo uko hai..."

"Unasemaje?"

"Dada, mimi ni Veneranda. Niliambiwa ulifariki. Miaka mitano sasa. Mussa alinionyesha picha yako, akalia mbele yangu. Wiki iliyopita nikakuona kwenye kikundi cha Elieth cha mtandaoni, jina lilelile, sura ileile. Nikajaza fomu makusudi, jina lake nikaandika Moses. Nilitaka nione kama utamjua."



"Na wewe ukaamini hivi hivi tu?" nikamuuliza.

"Sikuamini. Nilimwambia siolewi mpaka nisikie kwa mzazi wake. Nikampigia mama yake."

"Mama yupi?"

"Bi Mwanahawa. Akaniambia walikuzika Tabora."

Kutoka pale sebuleni nilikuwa namsikia Bi Mwanahawa chumbani kwake anakohoa. Ulikuwa muda wa uji wake.

Nikauchukua uji, nikaingia, nikamkalisha kwa mito kama kila siku.

"Mama," nikasema, "mimi nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Mkono wake mzima ukashika shuka.

"Malaria," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Alilia kwenye simu, Najiat. Alisema bila hivyo yule mwanamke atamwacha, atakosa karatasi na atarudishwa huku. Ni mwanangu. Ningefanyaje?"

"Na mimi?"

"Wewe si ulikuwepo tu hapa..."

Nilimlisha uji wote. Nikamfuta mdomo. Kisha nikatoka nje nikampigia Hafsa, dada yake Mussa, aliyeolewa Nzega.

"Wifi, njoo umchukue mama."

"Kuna nini?"

"Atakwambia mwenyewe."

Hafsa alifika Ijumaa. Siku hiyohiyo nikapanda treni kwenda kwetu Kaliua na begi moja. Dai langu la talaka liko kwa kadhi. Mussa amepiga simu mara nyingi, sipokei, sina nguvu ya kusikiliza.

Jumapili asubuhi nikakuta video. Veneranda alikwenda kule mlimani na mtoto, wawili tu, Mussa aliachwa nyumbani afunge mizigo yake ahame. Anton anateleza kwa makalio, kofia imemfunika macho, anacheka. Chini kaandika: "Asante kwa kutuchagulia sehemu salama."

Nikamjibu: "Karibu."

Wewe unayesoma hapa na mtu wako yuko mbali, usiishie kuongea naye yeye peke yake. Wajue wanaoishi naye, na wao wakujue wewe. Piga simu, onyesha sura yako, uliza maswali hata kama wanakuona mkorofi. Mimi niliona haya kuuliza, na miaka mitano watu walikuwa wanampa mume wangu pole, mimi niko ndani nafua mashuka ya mama yake.