Vipepeo Wasio na Michirizi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Radi na mdogo wake walipita nyuma ya jiko la shule kuwalisha viwavi wao majani mabichi. Jina la Radi alipewa na wenzake, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Siku hiyo kizimba chao cha wavu kilikuwa kiende kwenye maonyesho ya sayansi, kikiwa na vipepeo wa michirizi ya manjano, watoto wa wazazi wa michirizi.

Loo! Vipepeo wanne wapya waliotoka kwenye vifuko vyao asubuhi hiyo walikuwa weusi tii.

"Umewatia humu wewe!" Radi akafoka. "Unaniharibia kizazi!"

"Haki ya Mungu sijawagusa, dada!"

Kofi likamshukia mtoto wa watu shavuni. Naye hakukubali, akamng'ata mkono. Radi akamtwanga ngumi ya mdomo, jino likang'oka, damu ikachuruzika hadi kwenye shati. Kizimba kikapinduka na mlango ukafunguka. Radi akawaponda wale weusi kwa kiatu, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki mmoja aliyerukia ukuta wa jiko uliojaa masizi, walikokuwa wametua wale wa michirizi.

Mwalimu wa sayansi alifika mbio akamshika Radi mkono.

"Amewachanganya ili tuchekwe, mwalimu!"

"Nani kakwambia? Rangi ya bawa huamuliwa na jeni. Kila kipepeo ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akiwa na hata moja ya michirizi, ile ya weusi hujificha. Hao uliowaponda walirithi ya weusi pande zote mbili. Ni watoto wa wazazi walewale!"

Mara ndege wakashuka. Vipepeo wa michirizi walionekana waziwazi juu ya masizi. Wakadonolewa wote, wakachanwa mabawa vipande vipande. Yule mweusi hawakumwona kabisa.

"Umeona? Anayepona ndiye anayezaa," mwalimu akasema. "Jeni zake husonga mbele, na kizazi baada ya kizazi rangi ya ukoo hubadilika. Kwenye ukuta huu, hao unaosema wameharibika ndio wangebaki."

Radi alitazama mdomo uliovimba wa mdogo wake, machozi yakamtoka. Akampangusa damu kwa leso.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekupiga bure."

"Nimekusamehe. Lakini kwenye maonyesho utaeleza wewe kwa nini kipepeo ni mmoja."

"Na aeleze ukweli," mwalimu akasema, akimchukua yule mweusi taratibu ukutani. "Hasira hasara, binti. Ungeuliza kwanza, leo ungekuwa na vipepeo wanne weusi wa kuwaonyesha watu, na ndugu mwenye meno yake yote."