Folda Iliyoitwa Nukta

"Nukta. Barua arobaini na moja hazijasomwa."

Sauti ile ilisema hivyo sikioni mwangu, na mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akinimiminia chai.

"Sukari inatosha, mjomba?"

Nikamwambia inatosha. Nikapokea kikombe, nikanywa...

Ndugu zangu mnaonisoma, kaeni vizuri. Mimi ni mzee, sioni, na haya nimeyaandika mwenyewe kwa vidole vyangu. Shule ya jioni nilimaliza nikiwa na mvi, na kompyuta nimejifunza baada ya macho kuzimika. Kwa hiyo msinionee huruma. Huruma yenu mwekeeni mtu mwingine, mtamjua sasa hivi.

Kazi yangu ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani. Chekeni tu, hata mimi hucheka. Mtaa mzima ulisoma kwa vioo nilivyovisaga mimi, halafu presha ya macho ikanichukulia ya kwangu. Duka likabaki, na jina likabaki.

Wa kunishika mkono alikuwa huyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nyumbani tulimwita Daktari, kwa sababu ya koti jeupe alilovaa dukani hata siku isiyo na mteja. Udaktari wenyewe hakuusomea.

Aliyesomea kupima macho ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Alipata kazi nchi nyingine, akaniaga vizuri, akasema simu za huko zinakatikakatika, atakuwa ananiandikia barua pepe.

Hakuandika.

Namba yake nayo ikawa haipatikani. Nikimuuliza Daktari kama kuna chochote, alinijibu kwa ile sauti ya upole ya kumpapasa mgonjwa:

"Usimsumbue, mjomba. Watu wa huko wana shughuli zao."

Nikaumia. Kuumia kukakomaa kukawa hasira. Mwisho nikawatangazia ndugu kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi waje dukani, nitamkabidhi Daktari funguo. Kama mwenye damu yangu amenisahau, basi duka apewe aliye karibu.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu kompyuta, maana kesi yote iko humo.

Asiyeona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka kila kilichoandikwa kwenye kompyuta. Ya kwangu nimeipa jina Bi Karani, kwa sababu husoma kama karani wa mahakama: haraka, bila huruma, bila kuruka kitu. Mwenye macho akitazama skrini huona anachokitafuta. Bi Karani hatafuti kitu. Kilichopo ndicho anachosoma.

Daktari ndiye aliyenifungulia anuani ya barua pepe ya duka, naye akiisoma kwenye simu yake. Mimi alinifundisha njia moja tu: bonyeza hapa uingie kwenye kikasha, soma zilizoingia, funga. Akanionya nisizungukezunguke kwingine, nitaharibu mipangilio.

Nikatii... Mimi, niliyemfundisha kufuta vioo, nikatii.

Kilichoniokoa ni matangazo. Wauza fremu walinijazia kikasha hadi nikawa nasikiliza matangazo asubuhi nzima. Nikajiandikisha kwenye darasa la kompyuta la wasioona. Mwalimu wetu ni mwanamke asiyeona tangu kuzaliwa, na ulimi wake unakata.

"Mzee," aliniambia, "wewe unaishi sebuleni tu. Nyumba yako ina vyumba vingine, hujawahi kuingia?"

Akanifundisha kuchuja barua. Unaiandikia kompyuta kanuni: barua ikitoka kwa fulani, isipite kikashani, ipeleke moja kwa moja kwenye folda fulani. Ila kabla ya kuandika kanuni, alisema, teremka kwa mshale orodha nzima ya folda, ujue ulichonacho.

Ndivyo nilivyofanya siku ile ya chai. Spika ya sikioni, kidole kwenye mshale. Kikasha. Zilizotumwa. Rasimu. Taka. Nikadhani nimefika mwisho, nikabonyeza mara moja zaidi.

Nukta.

Folda ambayo jina lake ni nukta tu. Kwa mwenye macho, hicho ni kinyesi cha nzi chini ya skrini. Kwangu mimi kilitamkwa waziwazi kama jina la mtu.

Daktari alipokwenda kumhudumia mteja, nikafungua. Zote zilitoka kwa binti yangu.

"Baba, nimefika salama."

"Baba, mbona kimya?"

"Baba, naolewa. Njoo, nani mwingine atanishika mkono?"

"Baba, umepata mjukuu wa kike. Ana pua yako, maskini."

Na ya mwisho kabisa... "Nilipiga simu dukani nikaambiwa hutaki kusikia jina langu. Basi, baba. Sitakusumbua tena."

Nikaenda kwenye ukurasa wa kanuni. Kulikuwa na moja. Bi Karani akaisoma bila kubadili sauti: barua ikitoka kwa anuani ya binti yangu, ruka kikasha, peleka folda nukta.

Harusi ya mwanangu imepita. Mjukuu wangu amezaliwa. Na aliyenifungia mlango ndiye anayeniuliza kama sukari inatosha.

Wengine wenu hapo mngepindua meza. Mimi nilimaliza chai yangu. Kila barua niliyoisoma nikairudisha kuwa haijasomwa, kwa kitufe alichonionyesha mwalimu, ili ile nambari isipungue Daktari akashtuka.

Kesho yake darasani nilifungua anuani nyingine, yangu mwenyewe, nikamwandikia binti yangu na kumpa namba ya simu ya mwalimu. Hakuamini. Akajibu akiuliza, kama kweli wewe ni baba, ulikuwa unaniitaje uliponijaribishia miwani nikiwa mdogo? Nikamjibu: Bi Mkubwa wa Pua Fupi. Simu ya mwalimu ikaita papo hapo. Mwalimu akanipa simu, akatoka nje akatuachia chumba.

Kabla hatujakata simu, nilimwomba mambo mawili. Aje ile Jumapili, na asimwambie mtu.

Likabaki la Daktari.

Kulikuwa na kampuni ya fremu iliyokuwa inatafuta wakala mmoja wa mji wetu. Daktari aliomba kwa jina lake mwenyewe, lakini kwa anuani ya duka langu, maana kampuni ilitaka mtu mwenye duka. Alikuwa amekwishajiona. Aliwaambia wateja kwamba nikishakabidhi, bango langu litashushwa lipande lenye jina lake. Aliyasema hayo mbele yangu, kama vile macho na masikio yangu yalikwenda pamoja.

Nikamwomba mwalimu akae karibu nami wakati naandika kanuni yangu ya kwanza. Barua ikitoka kwa kampuni ile, ruka kikasha...

"Peleka folda gani?" akauliza.

"Nukta."

"Mzee, hii ni ya matangazo kweli?"

"Ni ya matangazo."

"Basi bonyeza hifadhi. Mimi sijasikia kitu."

Nikabonyeza. Na niwaambie ukweli wangu, hakuna chai niliyowahi kunywa tamu kama ile iliyofuata.

Daktari akaanza kusubiri. Mwanzoni alipiga mluzi, kisha mluzi ukakoma. Nilimsikia akifungua simu na kuifunga, akifungua na kuifunga. Akawa anagombana na droo. Siku moja akashindwa kujizuia, akanieleza kwamba wale watu wa kampuni wako kimya, anafikiria kuwapigia.

Nikampapasa bega.

"Usiwasumbue, mwanangu. Watu wakubwa wana shughuli zao."

Akakubali, masikini. Alikuwa amenifundisha vizuri.

Jumapili ikafika. Ndugu wakakaa kwenye viti vya wateja: dada yangu, ambaye ndiye mama yake Daktari, kaka yangu, na wengine wa nyumbani. Daktari alikuwa na koti lake jeupe, limepigwa pasi hadi likawa linalia akitembea. Funguo nilizishika mapajani.

Nikasema kabla ya kukabidhi nataka kitu kimoja. Daktari anisomee kwa sauti folda zote za barua za duka, ndugu wajue ninachokabidhi.

Akasoma. Kikasha. Zilizotumwa. Rasimu. Taka.

"Umesahau moja," nikamwambia.

"Ndizo hizo tu, mjomba."

Nikachomoa spika ya sikioni. Nikampunguza Bi Karani mwendo ili hata dada yangu amwelewe, nikabonyeza mshale hadi chini.

"Nukta," akasema Bi Karani mbele ya watu wote.

Koti likaacha kulia.

Nikafungua. Ya juu kabisa ilitoka kwa kampuni ya fremu. Bi Karani akaisoma yote: kwa kuwa hukufika kwenye mahojiano wala hukujibu barua zetu, uwakala tumempa mwombaji mwingine. Chini yake ilikuwa barua ya kumkumbusha. Chini yake ile ya kumwita. Na chini ya hizo tatu, moja baada ya nyingine, zikaanza: Baba. Baba. Baba.

"Mjomba," Daktari alisema, na sauti ya upole ilikuwa imemtoka, "barua zangu zimefikaje humu?"

"Kwa njia uliyoichonga wewe. Mimi nimepita tu."

"Lakini mimi nilikuwa naiona hii folda kila siku. Nilikuwa naona nambari inapanda..."

Akajisikia mwenyewe alichosema.

Mama yake ndiye aliyeuliza, taratibu: "Ulidhani ni nani anayeandika?"

Daktari akashika vifungo vya koti lake.

"Ulidhani ni mtoto wa mjomba wako anamlilia baba yake. Na hukufungua hata moja?"

"Mama, nisingeweza kuzisoma."

Hapo ndipo alipojihukumu mwenyewe, ndugu zangu. Barua aliyokuwa akiitafuta usiku na mchana ilikuwa kwenye kiganja chake. Moyo wake ungemsumbua siku moja tu, akafungua, akasoma kilio kimoja cha mwenzake, angeikuta. Sikumficha kitu. Nilikiweka mahali pekee ambapo mtu mwenye huruma angeangalia.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Nilimtambua kwa hatua zake kabla hajasema neno, na kabla sijasimama kuna mkono mdogo ulinishika pua.

Funguo nilimpa binti yangu. Daktari alilivua koti, akalitundika kwenye msumari, akatoka bila kuaga. Sikumwita.

Kanuni ya binti yangu nimeifuta. Kanuni moja nimeongeza.

Somo langu kwenu ni fupi. Anayekusomea barua zako, hata kama anakupenda, jifunze kuzisoma bila yeye. Teremka na mshale mpaka chini. Ingia kila chumba cha nyumba yako, na ukikuta mlango usio na jina, ndio huo, fungua.

Daktari siku hizi ananiandikia. Najua, kwa sababu kila asubuhi nikipita huko Bi Karani hunitajia: Nukta, barua saba hazijasomwa. Hiyo ilikuwa jana. Leo ni tisa.

Binti yangu ananiambia, "Baba, fungua basi, anaomba msamaha."

Huenda. Barua hizo ni zangu, zimeandikwa kwa jina langu, na hakuna aliyenizuia kuzisoma. Nitazifungua nikitaka.

Leo bado sitaki.