Barafu Iliyokosa Kutoa Jasho

Kila Jumatano asubuhi nilikuwa nampangia Mama Émilienne sanduku la chanjo. Yeye alikuwa muuguzi wa kituo chetu hapa Baraka, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu, shule imefungwa kwa sababu ya vita. Friji yetu ya mafuta ya taa ilikuwa imesalimika, na nilijivunia kazi ile hadi wenzangu wakaniita Docteur Gentille.

"Barafu ikae kwanza kwa meza mpaka itoe jasho," alizoea kuniambia. "Nyuma ya hapo ndiyo uipange."

Jumatano moja, watu wa kwenda kijiji cha Lweba, tulikokwenda kuchanja, walikuwa tayari barabarani, wanatuita. Siku zile nani angethubutu kutembea peke yake? Nikaitoa barafu, nikaipanga papo hapo, chupa za chanjo nikazibana katikati. Nilijiambia, baridi ikizidi si ndiyo vizuri? Kumbe!

Lweba, wa kwanza kwenye mstari alikuwa dada yangu Georgette, mjamzito wa miezi sita. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa pepopunda siku ya nane, amekakamaa mikononi mwangu. Safari hii alitaka sindano ya kumkinga mtoto kuliko chakula.

"Gentille, barafu ilitoa jasho?" Mama Émilienne aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Georgette akakunja mkono wa blauzi huku anacheka. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ngoja! Mi nilidanganya. Sikuiacha kwa meza."

Mama Émilienne akatikisa chupa, akaisimamisha mezani, tukangoja. Vipande vyeupe vikashuka chini, juu yakabaki maji matupu.

"Iliganda," alisema. "Haiko dawa tena."

Bamama waliotoka mbali walinisema vibaya, na nilistahili. Watoto tu ndio waliochanjwa, kwa kuwa dawa ya surua ilikuja ikiwa unga mkavu.

Jioni ile Mama Émilienne aliweka ndani ya friji, panapogandishwa barafu, kikombe cha uji wa muhogo na kingine cha unga wa muhogo. Kesho yake tulivitoa, tukaacha uji uyeyuke. Uji ulikuwa mabonge, umetema maji; nilikoroga wee, wapi! Unga ulikuwa vilevile.

"Umeona? Kitu cha majimaji baridi inakivunja. Kikavu kinavumilia."

Jumatano iliyofuata, wasafiri walinipigia kelele weee, nami niliingoja barafu itoe jasho. Georgette akapata sindano yake, na ya pili mwezi uliofuata.

Alijifungua msichana. Siku ya nane sikutoka kando ya kitanda. Mama Émilienne alikuja, akamkuta mtoto ananyonya kwa pupa, akaketi karibu nami.

"Ungenyamaza siku ile, ningemchoma Georgette yale maji, na sisi wote tungerudi nyumbani na furaha," aliniambia. "Ukikosea, mwanangu, sema wakati kosa liko bado ndani ya sanduku."

Nililia hadi Georgette akanipa mtoto nimshike.